Kambare Waliokwenda Barazani

Hapo zamani, watu wakiwa wachache na wapumbavu wengi kama sasa tu, palikuwa na mto uliozibwa kwa ukuta wa mawe. Aliyeuziba ni babu yake Sultani Shekue, ili bibi arusi wake apate pa kuogelea. Bibi arusi akazeeka, akafa, bwawa likajaa tope, ukuta ukabaki. Kazi yake ikawa moja: Sultani kukaa juu yake jioni akipunga upepo.

Basi huko juu ya mto aliishi Mwidani, fukara asiye na mbuzi wala mke, ila ulimi. Kila masika kambare walipanda kwenda kutaga, wakakwama ukutani, wakafa. Na watu wa juu wakala mchicha kwa mchicha, miaka nenda miaka rudi. Mwidani akachoka, akaenda kushitaki.

"Seyyidi, ukuta uvunjwe, samaki wapite."

Sultani akacheka, na mawaziri wakacheka, maana ndiyo kazi iliyowalisha.

"Kwani umezuiwa wewe?"

"La, bwana wangu. Samaki."

"Basi samaki na aje mwenyewe! Sheria ya babu yangu waijua: mdai akishaingia barazani hatolewi, wala mimi sinyanyuki kitini, mpaka nimempa haki yake."

"Nimesikia, nami natii."

Kesho yake akaja na matenga matatu ya kambare aliowazoa chini ya ukuta, akawamwaga juu ya zulia.

"Wadai hawa, Seyyidi."

"Na waseme!"

"Wageni wana haya. Tuwangoje."

Ikawa kungoja. Asubuhi walipiga mikia, adhuhuri wakatulia, alasiri wakaanza kunuka. Inzi wakaingia bila hodi. Waziri, kilemba puani, akasema, "Watolewe!"

"Kumbe babu yake Seyyidi alikosea sheria?" akauliza Mwidani.

Waziri akakaza kilemba puani.

Sultani akalala kitini. Siku ya pili, jua la utosi, akafoka, "Wanataka nini hawa?"

"Kwenda juu, bwana wangu. Hawa wamekufa wakingoja haki, kama wadai wengine, ila warithi wao wapo mtoni."

"Na waende! Na anayewazuia avunjwevunjwe! Nimekwisha hukumu!" Akatoka mbio, kiatu kimoja.

Mwidani akachukua askari na mitaimbo, akawaonyesha anayewazuia.

Jioni Sultani akaenda kupunga upepo, asione pa kukaa. Kambare walikuwa wakipanda, migongo juu. Akamtazama Mwidani, akacheka, maana kulia hadharani si adabu ya kisultani, akamvika joho lake.

Joho lilinuka. Mwidani akalivaa hivyo hivyo, akaenda kupika kambare wa nazi.

Nyama ya hadithi mmekula. Miiba mtupieni paka.