Pikapu Mbele ya Geti la Mhando

Hapa Muheza wajanja tupo wengi, lakini Semkiwa ni bingwa wetu. Pikapu yake ilikufa mbele ya geti la mwenye nyumba wake, tajiri Mhando, ikaota majani mpaka ndani. Hata wanunuzi wa vyuma chakavu waliikimbia.

Mhando akamjia amefura. "Semkiwa! Jumamosi namwoza mwanangu wa kiume. Jua likizama dude hili likiwa hapa, nakutoa nyumbani kwangu na godoro lako!"

"Halitakuwepo, mzee wangu. Ila mimi jirani nisialikwe kweli?"

"Njoo ule, mradi liondoke!"

Jumamosi Semkiwa akalifunika gari kwa shuka jeupe, akaenda kula pilau, akaongezewa. Mhando akamnong'oneza kwa hasira, "Jua linakwenda, wewe unatafuna tu?"

"Nyama laini hii, mzee. Hongereni."

Mshereheshaji akawaita wenye zawadi. Semkiwa akainuka akicheza, sinia kichwani, ngoma ikimfuata mpaka mbele ya maharusi. Kwenye sinia kulikuwa na ufunguo uliofungwa utepe mwekundu.

"Wanangu, wenzangu wameleta vyombo na khanga. Mimi nawapa gari!"

Vigelegele! Mama wa bibi harusi akalia kwa furaha. Mhando akabaki amekenua tu, maana zawadi ya harusi nani ataikataa mbele ya wakwe?

"Mkwe," akasema baba wa bibi harusi, "gari la watoto lisilale nje, wezi wengi."

Wageni wakalisukuma kwa nyimbo, Semkiwa akiwa kwenye usukani, na Mhando mwenyewe ndiye aliyefungua geti.