Jiko Lililokwenda Kuliamkia Jiwe

Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa nini?

— Tuambie wewe.

Pakawa jiwe, na jiwe likawa na wenyewe. Mwenye usingizi akalale, mimi sisimulii mara mbili.

Hapo kale Kiboko alialikwa karamu kwa Tembo, akaona kaunta ya jikoni ya jiwe la granaiti. Nyeusi, inang'aa, ukiinama unayaona meno yako. Kiboko akayaona meno yake, akajipenda. Akarudi mtoni, akajenga jiko, kuta na paa, ikabaki kaunta. Yeye aliyekula majani mabichi tangu azaliwe, sasa alihitaji kaunta ya kupikia. Haja ni haja, tusimcheke.

Akapanda kilimani, gudu, gudu, gudu. Akaona jiwe jeusi, pana, linameta. Chini yake, kwenye ufa, aliishi Pimbi na mkewe na watoto. Juu ya jiwe waliota jua, chini ya jiwe walijificha tai akija. Bila jiwe lile, tai angewamaliza wote.

"Hili nalichukua," Kiboko akasema. "Nyinyi hameni."

Pimbi angefanya nini, amng'ate Kiboko? Akatoka ufani akipangusa mikono kama fundi.

"Una jicho, mzee. Nikukatie kipande cha kiasi gani?"

"Kipande? Nataka lote."

"Nilijua. Kipande ni cha wanyonge. Ngoja nilijaribu."

Pimbi akakamulia ndimu juu ya jiwe, halikupauka. Akakwaruza kwa kisu, kwaru, kwaru, halikuchubuka. Akaweka bakuli la maji, maji yakatulia sawasawa.

"Jiwe ndilo hili. Ila litafikaje kwako?"

"Nitalivuta."

"Mzee, wewe ni mtu wa heshima. Nani humwendea mwenzake kumwamkia, mkubwa au mdogo?"

"Mdogo."

"Jiwe hili lilikuwapo babu yako hajazaliwa. Na jiko lako?"

"La juzi."

"Basi jiko la juzi likae mtoni, lingoje mkubwa alifuate? Watu watasema hukulelewa. Tembo atakuwa wa kwanza kusema."

Kiboko kunyang'anya hakuona haya, lakini kuambiwa hakulelewa, hapana. Akashuka, akabomoa jiko. Akabeba mlango, gudu, gudu, akapanda. Akabeba paa, gudu, gudu, akapanda. Ilikuwa masika, mawingu yamefunga, hakuona taabu. Pimbi alisimama kando akifanya kazi ngumu ya kuelekeza.

"Kushoto kidogo, mzee. Rudisha. Hapo hapo."

Kuta zikalizunguka jiwe, paa likalifunika. Kiboko akainama. "Shikamoo, jiwe." Jiwe halikuitikia.

"Lina majivuno," Kiboko akanung'unika.

"Ndio ubora wenyewe," Pimbi akasema. "Sasa sisi tunahama. Sijui nani atalipangusa kila asubuhi, maana lisipopanguswa litafubaa."

"Nani kasema mhame?" Kiboko akafoka. "Mtakaa hapa mpanguse."

Pimbi akainamisha kichwa kwa huzuni kubwa sana.

Masika yakaisha, jua likatoka. Kiboko akapanda kwenda kupika. Alipofika, ngozi imekauka, krak, krak. Akaweka sufuria, hajawasha moto, akakimbilia mtoni kujitosa. Akapanda tena, krak, krak, akakimbia tena. Mwishowe akabaki majini, majani mabichi mdomoni, akimwambia kila apitaye, "Lile jiko pale juu ni langu."

Pimbi hakumbishia. Watoto wake waliota jua dirishani, wakalala juu ya kaunta, na tai alizunguka juu ya paa akimlaani fundi.

Basi funzo, wanangu. Mkikua, nunueni kaunta kwanza, chakula kitajileta. Mkubwa akikuamuru, mtii kama Pimbi alivyotii. Na fundi akikuambia jambo, mwamini, fundi hajawahi kumdanganya mtu.

Ngano yangu nimeiweka juu ya jiwe. Anayeiona imepinda alete bakuli la maji.