Ufa Nyuma ya Maua

Alikuwapo mzee mmoja, mstaafu wa reli, amefiwa na mkewe mwaka wa pili huo. Binti yao, Tunu, alikuwa anaposwa Jumamosi, na mzee hakutaka wakwe waione sebule na zile karatasi za maua ukutani, zimefifia, zimeanza kuning'inia. Akaita fundi rangi.

Karatasi zile zilikuwa za marehemu. Alizibandika mwenyewe kwa uji wa unga, mumewe kakaa kitini na gazeti lake anamtania, "Mama Tunu, siku hizi na kuta zinavishwa gauni?" Mama anacheka, anaendelea na kazi. Ee, siku zile! Jioni chai ya tangawizi, redio inaimba, na mgeni akiingia tu anasema, "Bwana huyu anajua kuitunza nyumba!" Bwana anatabasamu, anapokea sifa zake. Mzee alipoyakumbuka hayo alishindwa kumaliza chai.

Fundi akazilowesha karatasi, akazibandua. Kisha akawasha tochi, akailaza ubavuni mwa ukuta, na kila bonde na kila kinundu kikajionyesha.

"Mzee wangu, hapa hapapakwi rangi leo. Tuzibe, pakauke, tupige msasa. Siku nne."

"Siku nne! Na Jumamosi ni keshokutwa? Paka hivyo hivyo, mwanangu. Rangi nzito itaficha."

"Rangi haijui kuficha. Hebu njoo uone."

Ulikuwa ufa, kutoka dirishani hadi sakafuni, kidole kinazama chote. Ndani yake mmeshindiliwa vipande vya khanga na magazeti yaliyokandwa kwa uji, tabaka juu ya tabaka.

"Huu umezibwa mwaka hadi mwaka," fundi akasema. "Mzee, hili halikuwa pambo. Kuna mtu alikuwa anakusitiri."

Mzee akakaa chini palepale, sakafuni. Zile khanga alizijua. Akakumbuka, "Baba Tunu, ukuta wa dirishani unapasuka." Na yeye, "Wiki ijayo, mama." Mwaka wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, hata mama akaacha kusema. Naye, maskini, akadhani ukuta umepona! Akalia kama mtoto.

Jumamosi wakwe walikuta ukuta mtupu, una mabaka mabichi. Mzee hakuomba radhi. Alimgeukia yule kijana mchumba, akamwambia, "Nyumba hii aliishika mke wangu, mimi nikasifiwa. Mwanangu, siku binti yangu akikwambia ukuta unapasuka, inuka."

Ndugu zangu, methali ya ufa na ukuta tunaijua sote, na asiyeziba tunamcheka. Lakini nani kati yetu amewahi kumshukuru aliyeziba kimya kimya? Tunazililia siku za zamani, tunasema zilikuwa tamu. Haya, zilikuwa tamu kwa nani? Nani alikuwa jikoni anakoroga uji, sisi tumekaa na gazeti?

Mkeo ameacha kukukumbusha lile jambo? Mumeo? Mama yako mzazi? Usifurahi, ukadhani limekwisha. Nenda nyumbani leo hii kamuulize, angali ana mdomo wa kukujibu.