Nguchiro na Tonge la Bwana Kiboko

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuajiriana, alikuwepo binti mmoja, Nguchiro, mwembamba, macho hayatulii. Ndiyo kwanza ametoka chuoni alikosomea kukamata nyoka. Mama yake aliuza mpaka kitanda ili asome, na wadogo zake sasa walikula kwa kubahatisha. Alitaka kazi, lakini ya kulipwa, si ya kusifiwa.

Siku moja akaitwa na Bwana Kiboko, tajiri mwenye ghala la mahindi lililojaa nyoka.

Langoni akamkuta Kobe anafagia, fya, fya, fya.

"Shikamoo, babu. Hapa wanalipaje?"

"Marahaba. Silipwi, mjukuu wangu. Mimi mtoto wa nyumbani."

"Mtoto? Na uzee huo?"

"Nilikula tonge moja tu," Kobe akasema, akaendelea kufagia.

Mh! Masikio yakamsimama Nguchiro.

Ndani, hata hajakaa vizuri, sinia hilo, puu! mbele yake. Ugali wa moto na mchuzi wa kunde.

"Kula, mwanangu," Kiboko akasema, sauti laini kama mafuta.

"Tungesema mshahara kwanza, Bwana."

"Aa! Nyumba hii mgeni hazungumzi kazi na njaa. Ni desturi. Kula!"

Nguchiro akalitazama sinia. Mbona mwenyeji hali? Tangu lini Kiboko akauogopa ugali? Na ile mikono, mbona ameitanua kabla ya wakati?

Jikoni kuna mtu anasonga, kwa, kwa, kwa. Nguchiro akausikiliza mwiko ule. Kisha akamega tonge, akameza.

"Haya!" Kiboko akamkumbatia nusura amvunje mbavu. "Sasa wewe ni mtoto wangu! Na mtoto hamdai baba yake mshahara, au vipi? Kesho unaanza. Utapata uzoefu."

"Mimi mtoto wako kweli, baba?"

"Kweli kabisa!"

"Sema kwa nguvu, nisikie raha."

"HUYU NI MTOTO WANGU!" Kiboko akanguruma, vyungu vikatikisika.

Mwiko ukanyamaza.

Bi Kiboko akatokea mlangoni, kajaa mlango wote. "Mtoto wako na nani?"

"Mke wangu, hii ni desturi tu..."

"Shikamoo, mama wa kambo!" Nguchiro akapiga magoti. "Mama yangu mzazi anakuja kesho na wadogo zangu. Tutalala chumba gani?"

"Ati wako wengi! Kumbe ndiyo maana hukauki mtoni, we mzee!"

"Si wangu! Huyu ni mfanyakazi!"

"Mfanyakazi asiye na mshahara? Wa wapi huyo?" Paa! Mwiko kichwani.

"Analipwa! Debe moja la mahindi kila mwezi!"

"Baba, usinikane," Nguchiro akalia, jicho kavu.

"Mawili!"

"Baba yangu jamani..."

Paa!

"Matatu! Na ya mwezi huu chukua leo! Mwambie mimi si baba yako, mwambie!"

Nguchiro akainuka, akakung'uta magoti. "Kweli, mama. Huyu ni mwajiri wangu tu."

Bi Kiboko mwenyewe akampimia mahindi, akishindilia, huku akimtazama mumewe kwa pembe ya jicho. Nguchiro akajitwisha debe la kwanza, akaenda zake kwa mama yake.

Basi nyie mnaotoka chuoni: anayekuita mwanawe kabla hajataja mshahara, mtilie shaka.