Ukuta Usiofika Juu

Wapendwa, kulikuwa na mwalimu mmoja, binti aliyetoka chuoni majuzi tu, akapangiwa shule ya huko ndani kabisa, ambako basi la asubuhi likikuacha, umelala. Darasa lake na la jirani yalitenganishwa na ukuta ambao mafundi waliuacha njiani, haukufika juu. Ukikohoa huku, kule wanakupa pole.

Upande wa pili alifundisha mama mmoja mkongwe. Watoto wake wametulia tuli. Huku kwa binti, vurugu tupu! Kila akichora chapati ubaoni awafundishe sehemu, nusu na robo, anawaza: yule mama ananisikia, atanisema kwa mwalimu mkuu. Basi akafanyaje? Akaanza kunong'ona. Jamani, mmewahi kuona mwalimu ananong'onea darasa zima? Wa mbele wakasikia nusunusu, wa nyuma wakacheza zao. Mwisho binti akakata tamaa, akafunga sanduku lake. Kesho na basi, ualimu basi.

Mchana ule mama akaingia. Binti akajua yamemfika.

"Mwanangu, mbona wiki hii umenyamaza?"

Binti akajibu kwa aibu kwamba hakutaka kumsumbua. Mama akacheka mpaka akakaa.

"Kunisumbua? Hizo sehemu zimenishinda tangu mtaala ubadilike. Nilikuwa naegemea ukuta nakusikiliza, halafu nawageukia wangu nawafundisha vilevile. Ulivyonyamaza, na mimi nimekwama. Hebu niambie, ile chapati ya mwisho uliikata vipande vingapi?"

Machozi na kicheko vikamjia binti pamoja. Akamweleza yote, vurugu na sanduku. Mama akamwambia afungue sanduku. Kesho yake angekuja kukaa darasani kwake, amwonyeshe namna ya kuwatuliza watoto. Na akaja kweli. Basi likaondoka bila binti.

Sasa sisi je? Mangapi tunayafanya kwa kunong'ona, kwa kuogopa kwamba mwenzetu anasikiliza ili atuseme? Na wewe mkongwe, ni lini uliwahi kuzunguka ukuta ukamwambia kijana kwamba unajifunza kwake? Unangoja mpaka apande basi?

Walimu mlio hapa, na sisi wengine wote, kesho tukifika kazini tupaze sauti. Huko upande wa pili kuna mtu ameegemea ukuta, chapati imemshinda, na anakusubiri wewe.