Pikipiki ya Theluji ya Bi Miska

Ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno. Aliyekwisha kufyonza utamu wake hulitupa ganda uani na kulisahau. Chungu, yule mdudu mdogo asiyehesabiwa na mtu, akipita kesho yake husimama, hulizunguka, kisha huwaita wenzake. Wako wanaodhani kwamba methali hii ilitungwa kuwaliwaza maskini waridhike na makombo. Sivyo hata kidogo. Chungu hajaridhika, chungu anajua anachokiona. Bi Miska Himid, mzaliwa wa Pemba na mkaazi wa Edmonton, kaskazini mwa London, aliwaonyesha watu maana hiyo mwaka aliotimiza miaka hamsini na miwili.

Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani. Kwa miaka kumi na tisa aliamka alfajiri, akaswali, akakimbilia basi la kwanza, akaenda kuwaogesha, kuwavika na kuwapa dawa wazee wa watu. Mwenyewe, tangu afiwe na mumewe, aliishi katika chumba kimoja cha kupanga ambacho kuta zake zilifuga ukungu kama mkate uliosahauliwa. Aliusugua kila Jumamosi, na kila Ijumaa ulikuwa umerudi.

Miongoni mwa wazee hao alikuwamo Bibi Morag, Mskoti mwenye ulimi mkali kama wembe. Sukari ilikuwa imemla nusu ya macho, lakini haikuugusa ulimi. Mwaka wa kwanza yeye na Bi Miska waligombana kila asubuhi. Mwaka wa tatu wakawa chanda na pete, ingawa kugombana hawakuacha. Basi Bibi Morag alipoamua kurudi kwenye nyumba aliyozaliwa, huko milimani Uskoti, aliiambia kampuni ya wahudumu neno moja tu: "Nipeni Miska. Kama si Miska, sitaki mtu."

Kazi hiyo ilikuja na nyumba ndogo ya vyumba viwili kijijini, kavu, yenye mlango wake mwenyewe. Bi Miska alipoziona picha zake, moyo ulimruka. Lakini hapakosi kasoro. Kutoka kijijini hadi kwa Bibi Morag ilikuwa njia ya shamba ya kilomita sita, na wakati wa baridi kali theluji huifunga kwa majuma mazima.

"Mwezi wa Januari utakuwa wa majaribio," alisema Bhavesh, msimamizi wake, kijana mtanashati aliyependa kuzungusha kalamu vidoleni. "Ukikosa kufika siku mbili, nafasi atapewa mwingine. Na kusema kweli, Miska, kwa umri wako... Ipo kazi ya kukunja nguo katika chumba chetu cha kufulia. Ni ya kukaa ndani, kwenye joto."

"Wenyeji wa huko hufikaje?"

"Kwa pikipiki ya theluji. Ndiyo maana nasema wewe..."

"Mwenye shamba atanipa ruhusa ya kupita nayo?"

"Ruhusa amekwisha kutoa, ardhi ni yake. Ila mashine ujitafutie mwenyewe."

"Basi andika jina langu," alisema Bi Miska, akasimama. "Za kukunja nimekwisha kuzikunja."

Jumapili iliyofuata, nyumbani kwa kaka yake Muhsin, habari ilishuka mezani pamoja na sinia la pilau. Wifi yake alicheka mpaka akapaliwa. Muhsin naye akafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitambaa.

"Miska mdogo wangu, wewe hata baiskeli ulianguka nayo pale Wete!"

"Nilianguka, kaka, na nikaipanda tena. Hilo hulisimulii."

"Mjane, mtu mzima, unakwenda kupanda dude kama lile milimani! Watu watasemaje?"

"Watu hao ndio wanaonilipia kodi ya chumba?"

Kicheko kikakatika. Muhsin akajaribu njia nyingine, sauti ikawa ya upole. Alimwambia pikipiki mpya ya theluji ni bei ya gari zuri, na kwa pauni elfu moja na mia mbili alizojiwekea ataambulia kipande cha chuma tu. Bi Miska alichota pilau, akalitafuna tonge lake taratibu, akalimeza.

"Basi nitanunua chuma," alisema. "Lakini nitakijua kabla sijakinunua."

Hakusema hivyo kwa kujigamba. Kesho yake alipanda basi hadi Kenton, kwa Harjit Kaur, mzaliwa wa Nakuru na fundi wa pikipiki na mashine za kukatia majani. Zamani Bi Miska alikuwa amemhudumia mama yake Harjit hadi siku ya mwisho, na tangu hapo Kiswahili chao kilikuwa kimekutana, cha Bara na cha Pemba, bila kugombea mlango.

"Mimi sijui kitu, Harjit dada yangu. Nifundishe kama unavyomfundisha mtoto."

"Mtoto anajifanya anajua. Wewe ni afadhali," alijibu Harjit, akamtupia glavu.

Kwa Jumamosi tatu Bi Miska hakuusugua ukungu. Alijifunza kufungua plagi, ile inayopiga cheche ndani ya injini, na kusoma rangi yake. Alijifunza kutumia kipimo cha kushindilia hewa ndani ya silinda, kile kinachoonyesha kama injini bado ina pumzi. Alijifunza kwamba skii mbili za mbele, vile vibao vya kutelezea, zikikaa upogo, mashine imegonga jiwe au mti, na kwamba ule mkanda mpana wa mpira unaoisukuma mashine ndio miguu yake: ukichanika, umebeba maiti.

"Na sikiza hii," Harjit alisema siku ya mwisho. "Muuzaji akitaka kukuwashia injini, kwanza iguse. Ikiwa tayari ina joto unapofika, ameipasha ili ikufiche ugonjwa. Mashine lazima uikute baridi. Sasa, twende pamoja? Gari ninalo."

Bi Miska alitikisa kichwa. "Hapana. Tukienda wawili atazungumza na wewe, mimi niwe mkoba wa pesa. Nipe kipimo chako."

Thornton Heath iko upande wa pili wa jiji. Huko, nyuma ya barabara kuu ya maduka, palikuwa na uwanja wa mitumba ya mashine wa Lusajo, mtu wa Mbeya, mwenye jaketi la ngozi na maneno matamu kama asali ya nyuki wadogo.

"Karibu mama, shikamoo mama! Mtu wa nyumbani hadanganywi hapa." Akamwongoza moja kwa moja hadi kwenye pikipiki ya theluji nyekundu iliyong'aa kama tufaha. "Tazama mwenyewe. Mmiliki mmoja. Pauni elfu moja na mia mbili, kwa sababu ni wewe."

Bi Miska alishtuka kimoyomoyo. Ndicho kiasi hasa alichomtajia Lusajo kwenye simu kwamba anacho. Alivua glavu, akaweka kiganja juu ya injini. Ilikuwa moto kama birika.

"Umeiendesha asubuhi hii?"

"Nimeipasha kidogo tu, mama, usipate taabu."

"Taabu ndiyo niliyoifuata."

Akapiga magoti juu ya saruji, na baibui lake jeusi, akachungulia chini. Kwenye fremu rangi nyekundu ilikuwa nene kupita kiasi, na chini yake kucha ilihisi mstari wa kuchomelea. Mahali penye namba palikuwa pamekwanguliwa. Akainuka, akajipangusa magoti.

"Hii ilivunjika mgongo ikaungwa. Na namba yake iko wapi?"

Asali ilimkauka Lusajo kinywani. "Mama, hii si cherehani. Mambo ya injini waachie wanaoyajua. Kuna mteja mwingine anakuja saa sita."

"Mwambie salamu zangu," Bi Miska alijibu, akageuka kuondoka.

Ndipo alipoiona. Nyuma ya rundo la mbao, chini ya turubali lililochanika, ilikuwapo nyingine, ya manjano iliyopauka, kiti kimezibwa kwa karatasi ya gundi na kioo cha mbele kina ufa.

"Na ile?"

Lusajo akacheka kwa sauti. "Ile? Ile inangoja gari la chuma chakavu. Haijawaka miaka miwili. Panya wamezalia humo ndani."

"Iko baridi, basi," alisema Bi Miska, akalifunua turubali.

Alichukua saa nzima. Panya walikuwa wamezaa kweli. Alikichambua kiota chao bila kukunja uso. Skii zilikaa sawa. Mkanda wa mpira ulikuwa mzima, meno yake yote yapo. Alifungua plagi, akakaza kipimo, akaivuta kamba ya kuwashia mara sita, bega likamlia. Mshale ukapanda, ukasimama. Akapima silinda ya pili, ukasimama palepale. Alirudia tena zote mbili, maana hakuyaamini macho yake. Chombo kile kilikuwa na pumzi! Kilichokiua ni petroli iliyolala ikaganda ndani ya kabureta, pale mafuta yanapochanganyika na hewa. Chini ya kiti, ndani ya mfuko wa plastiki, alikuta stakabadhi ya kwanza kabisa, na namba yake ililingana na ya kwenye fremu, tarakimu kwa tarakimu.

Moyo ulimpiga kama ngoma, lakini uso aliufunga kama duka siku ya sikukuu.

"Mia tatu," alisema.

"Mama! Kwa takataka hii?" Lusajo alianza, kisha akajisikia alichokisema. Walivutana. Wakafunga mkataba kwa mia tatu na themanini, Lusajo akaandika hati ya mauziano yenye jina lake na namba ya fremu, kwa sababu Bi Miska alikataa kutoa hata shilingi kabla ya kuiona hati. Hata alipokuwa akizihesabu pesa, Lusajo alitikisa kichwa kumsikitikia.

Mashine ilibebwa kwa gari la Harjit hadi Kenton. Huko Harjit alishika tochi tu; kabureta aliifungua Bi Miska kwa mikono yake. Aliisafisha, akabadilisha mkanda mdogo wa injini uliokwisha, akashona kiti kwa uzi wa nailoni. Pesa iliyobaki ilinunua kofia ngumu, nguo za baridi na usafiri hadi Uskoti. Siku waliyoiinua nyuma juu ya stendi na kuivuta kamba, mashine ilikohoa mara tatu, ikatapika moshi wa bluu, ikanguruma. Harjit alipiga makofi. Bi Miska hakupiga. Aliegemea ukuta, akacheka peke yake.

Yasidhaniwe mambo yalinyooka kama rula. Siku ya nne ya Januari alisimama katikati ya theluji laini kwenye mteremko, nayo mashine ikazama hadi kitini. Aliichimbua kwa koleo dogo kwa dakika arobaini, huku akilia kwa hasira, si kwa hofu. Akajifunza kwamba kwenye theluji laini kusita ndiko kuzama. Siku hiyo alifika amechelewa, lakini alifika, na Bhavesh aliandika kwenye kitabu chake.

Juma la tatu theluji ilianguka siku mbili bila kupumzika. Siku ya kwanza Bi Miska alipita chini ya manyunyu. Ya pili alipita kwa taabu. Asubuhi ya tatu kijiji kiliamka hakina umeme, magari yamekuwa vichuguu vyeupe, na simu ikalia.

"Usitoke," alisema Bhavesh kutoka London. "Gari la kuondoa theluji litafika huko mchana. Hakuna atakayekulaumu."

"Sindano yake ya sukari ni saa mbili, Bhavesh. Si mchana."

"Miska, nakuambia kama msimamizi wako..."

"Na mimi nakuambia kama mtu niliyeko hapa. Upepo umetulia, na fimbo nyekundu zilizosimikwa kuonyesha njia naziona hadi kilimani. Nisipoziona nitarudi."

Akakata simu. Akaivuta kamba; mashine ikaitika mara ya pili. Alikwenda fimbo hadi fimbo, magoti yameinama, uzito akiuhamisha kulia na kushoto kama alivyojifunza, na pale mteremkoni palipommeza siku ile hakusita. Alikaza mkono, akapanda akipiga takbiri kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia. Nyuma yake mfereji mmoja tu ulibaki katika weupe wote ule.

Bibi Morag alikuwa ameketi kitandani, koti juu ya nguo za kulalia, midomo imepauka kwa baridi. Aligeuza macho yake mabovu upande wa mlango.

"Saa mbili na dakika kumi," alisema. "Umechelewa."

"Nimechelewa, bibi. Lete kidole."

Alimpima, akamchoma sindano, akawasha moto, akamkorogea uji wa shayiri. Alipokuwa akimlisha, simu ikalia tena. Ilikuwa sauti ya Bhavesh, safari hii bila kalamu vidoleni.

"Umefika? Umefikaje?"

"Kwa chuma changu."

Bhavesh akashusha sauti. "Kuna chochote unachohitaji tukutumie?"

Bi Miska alimtazama Bibi Morag aliyekuwa amefumbua kinywa akingoja kijiko kingine, kama mtu asiyekuwa na shaka kwamba kitakuja.

"Mafuta," alisema. "Na mkataba."

Vyote viwili vilifika kabla ya mwisho wa mwezi, na mkataba aliusaini juu ya kile kiti alichokishona mwenyewe. Kweli, ganda la muwa la jana, chungu kaona kivuno.