Mtungi wa Nyimbo Tatu

Sogeeni, sogeeni karibu. Wewe wa mlangoni, acha kutafuna muwa. Meno yakipiga kelele masikio hayasikii. Kimya? Haya.

Paukwa!

Pakawa!

Maji yapo?

Yapo mtungini!

Kayabeba nani?

Bibi na mama!

Hapo kale, huko mlimani, palikuwa na kijiji cha mfereji mmoja. Mfereji ulianzia juu kwenye banio, pale mto ulipozuiwa kwa mawe na magome ya migomba. Ukashuka, ukashuka, ukashuka hadi mashambani. Na sheria ilikuwa moja: mwanamke achote, abebe, afue, ila asikanyage banio. Akikanyaga, mto utakauka. Nani aliwahi kuuona ukikauka? Hakuna. Lakini sheria ndiyo hiyo.

Basi palikuwa na mama mmoja, Nakijwa, mke wa Mbonea. Kila asubuhi alikinga mtungi wake mkiani mwa mfereji, huku akiimba. Wimbo mmoja, mtungi umejaa. Mwaka huo, ulezi ukiwa unachanua, mtungi ukaanza kujaa kwa nyimbo mbili. Kisha tatu.

"Baba Nakunda," alimwambia mumewe, "maji yanapotea njiani."

"Kakwambia nani?"

"Mtungi."

Mbonea akacheka. Lakini alipofika barazani, mbele ya mzee Semboja mwenye pembe ya kuwaita watu mferejini, akajitutumua. "Wazee, nimefikiri, nimeona maji yanapotea njiani."

"Umeonaje?"

"Kwa... kwa mtungi."

"Mtungi wako hujaa kwa muda gani?"

Mbonea atajulia wapi? Hajawahi kujaza hata kata! "Ni maneno ya mke wangu."

Walicheka hadi wakashika mbavu. "Kesho utatuletea na maneno ya chungu!"

Semboja akapuliza pembe. Wanaume wakapanda, wakazibua banio. Juu maji tele, chini matone. Wakapanda tena. Juu tele, chini tope. Wakapanda mara ya tatu. Juu tele, chini hata chura kahama! Ulezi ukaanza kunyauka, nao ulezi ukifa, watoto watakula nini? Watu wakaanza kufunga mizigo.

Ndipo Nakijwa akaenda barazani mwenyewe, mtoto mgongoni.

"Shikamooni, wazee. Banio silikanyagi. Mume wangu amwage pumba pale juu, mimi nizifuate kandokando. Zikipotea pumba, ndipo yanapopotea maji."

"Siku nzima hiyo!" akasema Semboja. "Na mtoto? Na chakula?"

Mbonea akainuka. "Mtoto nipe mimi. Na mwiko nipe."

"Mbonea! Mwanamume akishika mwiko, ndevu hudondoka!"

"Zikidondoka nitazifagia."

Pumba zikamwagwa. Nakijwa akashuka nazo akiimba, nanyi itikieni:

Pumba, pumba, maji wapi?

Twende chini!

Akapita migombani. Pumba zipo. Akapita mwamba mweusi. Pumba zipo. Akafika kwenye matete. Pumba hakuna! Akapiga magoti, akatia mkono. Lo! Shimo la fuko, limekunywa mfereji mzima na kuumwaga korongoni.

Mnaona, wajukuu zangu? Wanaume waliishia juu, wanawake walizuiwa kupanda. Katikati hapakuwa na mwenyewe, ila fuko.

Akawaita wanawake wenzake, wakashindilia mawe na udongo wa mfinyanzi. Jioni mtungi ukajaa kwa wimbo mmoja. Nyumbani akakuta ugali una madonge kama mawe ya banio, mtoto kashiba, kalala. Na ndevu za Mbonea? Zote zipo!

Asubuhi Semboja akamfuata. "Mwanangu, miaka arobaini nimeshika pembe hii, wala sijawahi kuutembea mfereji wote. Ishike wewe."

"Siishiki, mzee wangu, mpaka nikanyage banio. Nitalindaje mfereji nisioruhusiwa kuuona kichwa?"

Kijiji kizima kikapanda. Nakijwa akatia mguu mmoja. Watu wakafumba macho. Akatia wa pili. Wakafumbua. Mto unapita zake, hauna habari!

Akapuliza pembe. Ikalia kama mbuzi mwenye kikohozi. Wakacheka, naye akacheka. Akapuliza tena, ikalia kama bata. Mara ya tatu ikalia hadi mlima wa pili ukaitika.

"Nikiipuliza," akasema, "waje wote, wake kwa waume, kutoka banio hadi mkia. Mkono mmoja haulei mwana."

Walipozeeka, pembe ilirithiwa na binti yao Nakunda. Mwiko ulirithiwa na mdogo wake wa kiume, na ugali wake, nasikia, haukuwa na donge hata moja. Fuko alirithi korongo. Na waliocheka barazani? Walirithi ulezi sawa na wengine, maji hayana kinyongo. Mimi nilirithi maneno haya kwa bibi yangu. Nimewamiminia, mtungi mtupu. Mwenye kiu anywe, aliyeshiba amwagilie mboga.